Mwisho wa 'Binti' wagawanya mafan: akifa, si afe?

Onyo: kama hujamaliza kitabu cha tatu, ishia hapa.

Ukitaka kuwasha moto kati ya wasomaji wa hadithi za anga, taja Binti wa Nnedi Okorafor. Msichana Mhimba, hodari wa hesabu, anatoroka kwao kisiri kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Kitabu cha kwanza, cha 2015, kilizoa tuzo za Hugo na Nebula. Vita viko kwenye cha tatu, The Night Masquerade (2018).

Humo Binti anauawa, kisha anafufuka ndani ya meli iliyo hai. Kambi moja inalia kwamba imechezewa: machozi yote yale ya nini? Nyingine inajibu kwamba aliyerudi si yule wa zamani, maana uhai wake sasa umefungamana na meli ile.

Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu iko kwenye kitabu cha kwanza. Binti hujipaka otjize, udongo mwekundu wa kwao. Ugenini anachimba udongo wa huko, anauchanganya, na unafanya kazi. Tangu hapo swali ni moja: ukibadilika, bado ni wetu? Kufufuka kunaliuliza tu kwa sauti kubwa zaidi.

Hapa Waithaka, penye udongo mwekundu hadi kwenye soli, tunalijua swali hilo. Rudi kutoka majuu na lafudhi mpya uone. Mamako atakukumbatia kwanza, halafu akuulize ni nini kilikupata huko.