Acheni Kuuliza Siku Ngapi

"Mwalimu, hizi siku 42 si nyingi mno? Nizipunguze ziwe 30?"

Kila kundi la vijana ninaowafundisha kusimamia seva huniuliza swali hili, na huniuliza siku ileile tunapofungua sera za domeni kwenye Windows Server. Wanaikuta namba 42, yaani siku ambazo nywila inaishi kabla mtumiaji hajalazimishwa kuibadilisha. Imewekwa humo na Microsoft wenyewe tangu kiwandani. Hakuna anayeuliza kwa nini ipo. Wote wanataka ipungue, kana kwamba nywila ni maziwa na yakikaa yataganda. Mwaka huu mmoja ameniuliza kama 14 inawezekana. Inawezekana, seva itakubali. Usifanye.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Niliitwa katika ofisi moja ambako dada wa uhasibu alikuwa amefungiwa akaunti tangu asubuhi, na mishahara inasubiri. Nilipomuuliza nywila yake ya sasa ni ya lini, aliinua kibodi. Chini yake palikuwa na karatasi ya njano: Simba#01, Simba#02, Simba#03, zikashuka hivyo hadi Simba#09. Nane za kwanza zilikuwa zimekatwa kwa kalamu. Ofisi ile ilikuwa na sera ya siku 30, na msimamizi wake alikuwa akijivunia. Aliyeifunga akaunti hakuwa mwizi, ilikuwa simu ya dada mwenyewe: alibadilisha nywila kwenye kompyuta, simu ikaendelea kuvuta barua pepe kwa ile ya zamani, makosa yakafika kikomo, mlango ukafungwa.

Vijana hushangaa seva ilizikubalije nywila tisa zinazofanana hivyo, wakati Windows hukumbuka nywila 24 zilizopita. Inazikumbuka, ndiyo, lakini haiweki nywila yenyewe. Inaweka hashi yake, ambayo ni kama alama ya kidole. Ukibadilisha herufi moja tu, hashi nzima inakuwa nyingine kabisa. Kwa seva, Simba#08 na Simba#09 hazina undugu wowote. Na sharti la ugumu? Herufi kubwa ipo, ndogo zipo, tarakimu ipo, alama ipo. Imepita.

Mwizi, yeye, anauona undugu huo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill walichapisha uchambuzi wa maelfu ya akaunti za watu waliokuwa wakilazimishwa kubadilisha nywila mara kwa mara. Kwa kujua nywila ya zamani tu, asilimia 17 ya akaunti zilifunguka kwa kubahatisha mara zisizozidi tano. Mara tano! Hata akaunti inayojifunga baada ya makosa machache haikukingi hapo.

Halafu tazama hesabu yenyewe. Nywila ikiibwa leo, mwizi anaingia leo. Hangoji mwisho wa mwezi. Kama unajua imeibwa, ibadilishe sasa hivi. Kama haijaibwa, kuibadilisha kunamkinga nani? Nimeuliza hivyo darasani miaka yote na sijapata jibu.

Mazoea haya yana chimbuko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioandikwa na Bill Burr, na ofisi nyingi duniani zikaufuata kama msahafu. Mwaka 2017 Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ikashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, ila pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mwaka 2019 Microsoft nao wakaliondoa sharti hilo kwenye viwango vya usalama wanavyopendekeza kwa Windows. Ile 42 imebaki kwenye seva kwa mazoea, nanyi mnataka kuibana zaidi!

Kuna hali moja ninayoikubali. Ofisi inayoshughulika na kadi za benki hubanwa na viwango vya usalama wa kadi, PCI DSS, na pale nywila inapokuwa kinga pekee huweza kudaiwa ibadilishwe kila siku 90. Fuateni mkataba wenu, lakini msiulete kwa makarani wa stoo.

Basi fanyeni haya. Urefu wa chini uliokuja na seva ni herufi 7. Upandisheni hadi 14, na wafundisheni watu kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana. Wekeni orodha ya nywila zilizokatazwa, jina la kampuni na la timu ya mpira yakiwemo. Hatua ya pili ya uthibitisho ni lazima kwa kila anayeingia akiwa nje ya ofisi. Msimamizi awe na akaunti mbili: ya kazi zake za kila siku, na ya usimamizi ambayo haifungui barua pepe kamwe. Ukitaka kundi moja liwe na nywila kali zaidi, usiifunge sera hiyo kwenye OU, yaani kitengo ndani ya domeni, kwa sababu akaunti za domeni hazitaisikia. Tumia sera maalumu za nywila, zilizopo tangu Windows Server 2008, uzielekeze kwa kundi lenyewe. Mfanyakazi akiondoka, zima akaunti yake kabla hajafika getini, ila usiifute siku hiyohiyo: ukija kuiunda upya kwa jina lilelile itapata SID (namba ya utambulisho) mpya, na mafaili yake ya zamani hayataitambua. Na ukibadilisha sera nyingine, huchukua dakika 90 hivi kuifikia kompyuta, wakati mwingine hadi 120. Ukiwa na haraka andika gpupdate /force, kisha gpresult /r, usome ni ipi iliyofika kweli kabla ya kuanza kubadilisha nyingine.