Mchezo Usio na Mwisho: Faida na Madhara ya Gemu za Kisasa kwa Watoto Wetu

BAADA ya Sala ya Ijumaa, katikati ya msimu wa kahawa, mama mmoja wa hapa Kamachumu alinisubiri nje ya msikiti akiwa na mwanawe wa kidato cha pili. Tulipokwisha salimiana alinieleza shida yake kwa maneno machache. Alikuwa ameuza kahawa ya maganda na pesa akaziacha kwenye simu, akisubiri kulipia michango ya shule na kununua sare za wadogo zake kijana huyo. Alipokwenda kwa wakala kuzitoa, akakuta zimepungua Sh. 68,000. Aliyezichukua hakuwa mwizi wa mbali. Alikuwa mwanawe huyo huyo, ambaye ndiye humsomea ujumbe wa simu na ndiye aijuaye namba yake ya siri. Kidogo kidogo, kwa muda wa wiki tatu, alikuwa akinunua “almasi” za ndani ya gemu.

“Sheikh, naomba umwambie mbele yangu,” mama alisema. “Hizi gemu si ni haramu?”

Sikumjibu papo hapo. Nilimgeukia kijana nikamuuliza kilichomsibu. Akainamisha kichwa, akasema: “Sheikh, nilitaka nimalize tu, halafu niache.” Nikamuuliza mchezo huo unakwisha lini. Akafikiri kidogo, akajibu kwa sauti ndogo: “Hauishi.”

Ndugu msomaji, neno hilo moja limenishughulisha kuliko swali la mama. Wameniruhusu kuyaandika haya bila kuwataja majina, kwani msiba huu si wa nyumba yao peke yake. Tuutazame basi kwa uadilifu, bila kuupamba na bila kuutukana.

Gemu za jana na gemu za leo

Michezo ya kwenye kioo haikuanza jana. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong, mchezo wa vijiti viwili vikipigiana nukta mfano wa mpira wa meza. Mwaka 1978 Wajapani wakatoa Space Invaders, na mwaka 1984 Alexey Pajitnov akabuni Tetris mjini Moscow. Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu tuliujua mchezo wa namna hii kupitia simu za Nokia, ambazo zilianza kuwa na mchezo wa nyoka mwaka 1997. Nami sijitoi. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu niliucheza mchezo wa nyoka kwenye simu ya kuazima, na siku moja adhana ya Alasiri ilinikuta kidole kingali kwenye kitufe.

Lakini nyoka yule akijiuma mkia, mchezo umekwisha. Unaona alama zako, unacheka, unarudisha simu ya watu. Aliyeiuza simu alikwisha pata pesa yake, na hakupata hata senti moja zaidi kwa wewe kucheza mpaka usiku wa manane.

Ni kweli kwamba hata zamani zilikuwapo mashine za kutumbukiza sarafu, na watengenezaji wake walipenda ushindwe upesi ili uongeze sarafu nyingine. Hata hivyo, sarafu zikiisha mfukoni unakwenda nyumbani. Zikafuata gemu za kuchezea kwenye televisheni, kama PlayStation iliyotoka Japani mwaka 1994. Hizo zilinunuliwa mara moja kwa diski, na nyingi zilikuwa na mwanzo, kati na mwisho.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale gemu zilipoingia kwenye simu zenye intaneti. Nyingi sasa hutolewa bure. Hapa ndipo mwenye akili ajiulize: kazi iliyofanywa na mamia ya mafundi kwa miaka, itolewe bure kwa hisani ya nani? Jibu ni kwamba faida imehamishwa. Haipatikani tena mlangoni. Inapatikana ndani, kwa kadiri mtoto anavyokaa na kwa kadiri anavyonunua vitu vidogo vidogo.

Wazee wetu wa Buhaya hucheza bao chini ya mti. Fundi aliyelichonga bao lile aliliuza siku moja na biashara yake ikaishia hapo. Hakai pembeni akihesabu saa zao. Fundi wa gemu ya leo yupo pembeni, anahesabu.

Faida zisizokanushika

Uadilifu unatutaka tuanze na mema, nayo si haba.

Kati ya mwisho wa mwaka 2017 na mwanzoni mwa mwaka 2019, katika mkoa wetu wa Tanga, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walipewa kompyuta bapa zenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Masomo yalipangwa kwa namna ya michezo: picha, sauti, hadithi, na hatua za kupanda moja baada ya nyingine. Hayo yalikuwa mashindano ya taasisi ya XPRIZE ya Marekani, yakisaidiwa na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Takriban robo tatu ya watoto hao iliripotiwa kuwa hawakuwahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana tuzo ya dola milioni 10. Huyo ni mtoto wa Kitanzania, kijijini, aliyefunguliwa mlango wa elimu na mchezo.

Tuwatazame pia jirani zetu wa Uganda. Kijana Lual Mayen alizaliwa njiani wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kijana huyo alitembea masaa kuifuata sehemu yenye umeme, akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, ambayo lengo lake ni amani badala ya kuua. Mwaka 2018 alitunukiwa katika tuzo za kimataifa za gemu huko Los Angeles. Jasho la mama huyo halikupotea, kwa sababu mwanawe aliukamata mchezo kwa mkono wa mtengenezaji.

Kadhalika katika tiba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliohusisha madaktari 33 wa upasuaji, ulionyesha kuwa waliowahi kucheza gemu kwa zaidi ya masaa matatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera, na walimaliza kwa haraka zaidi. Mwezi Juni 2020, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliruhusu gemu iitwayo EndeavorRx itumike, kwa maelekezo ya daktari, kuwasaidia watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la kukosa utulivu wa akili.

Kwa hiyo asemaye kwamba gemu zote ni upuuzi amesema asilolijua.

Ufundi wa kumzuia mtoto asiondoke

Tuje sasa kwenye upande wa pili. Ufundi ule ule unaomvuta mtoto asiyejua kusoma arudi kwenye somo kesho, ndio unaomvuta mtoto mwingine arudi kwenye kitu kisichomfaa. Mbinu zake ni nyingi, lakini kwa mzazi inatosha kuzijua tatu.

Ya kwanza ni kuondoa mwisho. Kila ngazi hufungua nyingine, na kila msimu unapoisha huanza mwingine. Mtoto hapati mahali pa kusema: nimemaliza.

Ya pili ni zawadi ya kila siku. Ukifungua gemu leo unapewa kitu kidogo, kesho kikubwa zaidi, na ukikosa siku moja unaanza upya. Hapo mtoto hachezi tena kwa furaha. Anacheza kwa hofu ya kupoteza.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni sanduku la bahati. Mtoto hulipa pesa halisi afungue sanduku asilojua lina nini. Mara nyingi hupata kitu duni, mara chache hupata kitu cha thamani, na ile “mara chache” ndiyo inayomfunga. Ndugu zangu, hii haina tofauti na dubwi lile tunaloliona kwenye vibanda mitaani, linalomeza sarafu za vijana. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kushiriki kamari. Mtoto anayefukuzwa kwenye dubwi anaweza kulikuta dubwi jingine mfukoni mwa mama yake, limepakwa rangi za katuni.

Wala huu si wasiwasi wa masheikh peke yao. Mwezi Aprili 2018 Ubelgiji ilitangaza kuwa masanduku ya namna hiyo ni kamari na yanavunja sheria yake. Mwaka 2021 China iliamuru kwamba aliye chini ya miaka 18 acheze gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye gemu ya Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani kumaliza madai ya serikali kuhusu taarifa za watoto na mbinu za kuwafanya wachezaji watozwe pesa bila kukusudia. Na Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya maradhi, inayotumika tangu Januari 1, 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao ijapokuwa unamdhuru, aghalabu kwa muda wa miezi 12.

Tusikuze jambo, lakini. Kila mtoto apendaye gemu si mgonjwa. Wengi hucheza wakachoka, wakaenda kupiga mpira. Ila mzazi asingoje miezi 12 ndipo ashtuke.

Jibu nililompa mama

Nilimwambia mama yule kwamba mchezo kwa asili yake si haramu. Kanuni ya wanazuoni wetu ni kuwa mambo ya kidunia asili yake ni uhalali mpaka uje ushahidi wa kuyakataza. Mtume wetu (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.). Dini yetu haikuja kuwanuisha watoto nyuso.

Lakini kamari imekatazwa, na Suratul Maida imetaja sababu zake: huzaa uadui baina ya watu, tena huwazuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali. Sasa tuitazame nyumba ile. Mama na mwanawe hawakuwa wakisemeshana kwa siku nne. Na kijana alikiri kuwa Sala ya Isha ilikuwa ikimpita akiwa kitandani na simu chini ya shuka. Sababu zote mbili zilikwisha ingia ndani. Basi kilichoharamika si kioo wala picha. Ni ile kamari, ile sala iliyopotea, na ile pesa iliyochukuliwa bila idhini.

Kwa hiyo nawanasihi wazazi kuiuliza kila gemu maswali manne kabla ya kuiruhusu. Je, ina mahali pa kumalizia? Je, inamdai mtoto pesa, na inaficha anachokinunua? Je, inamtisha kwa hasara akiiacha siku moja? Je, inamwachia kitu akiizima, kama vile neno jipya, hesabu, au rafiki aliyecheka naye? Gemu itakayofaulu maswali haya, mkaribishe. Itakayofeli, mwondoshee, lakini kwanza ukae ucheze naye walau mara moja, ili ukatazapo ukataze unachokijua.

Namba ya siri ya pesa ibaki kwa mwenye pesa. Mzazi asiyejua kusoma ujumbe ajifunze, na watoto wake ndio wawe walimu wake. Simu ilale chumbani kwa wazazi baada ya Isha. Na sisi wenye madrasa tusiishie kukemea. Mtoto aliyezoea kupanda ngazi na kusifiwa kwa kila hatua, tukimpa fimbo tu, tusishangae akikimbilia kwingine.

Kijana yule tulikubaliana alipe. Kila Jumamosi huchuma na kuanika kahawa ya jirani kwa ujira, na siku ninayoandika haya amerejesha Sh. 41,000. Gemu ile ameifuta mwenyewe. Juma lililopita aliniuliza kama inajuzu kujifunza kuzitengeneza. Nikamwambia inajuzu, kwa sharti kwamba atakayoitengeneza iwe na mwisho, ili mtoto wa mtu mwingine apate kusikia mama yake akimwita.

Mama yake alikuwa amesimama kando. Alicheka, kisha akamkumbusha kuwa zimebaki Sh. 27,000.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.