Anwani ya Kurejea: Uitaji wa Programu Ndogo katika Lugha ya Asembli ya Prosesa za 8008, 8080 na 6502

Uitaji wa programu ndogo katika lugha ya asembli hauelezeki vyema kwa kusema tu kwamba prosesa huruka kisha hurudi. Kuruka ni kazi nyepesi. Suala la msingi ni anwani ipi ya kurejea inahifadhiwa, na wapi. Chukulia mpaliliaji wa pamba wa Lagangabilili anayeitwa nyumbani kabla hajamaliza mstari. Ili asirudie miche wala kuiruka, huchomeka kijiti. Kijiti hicho chaweza kukaa kwenye mche wa mwisho uliopaliliwa, au kwenye ule unaofuata. Njia zote mbili zinafaa, mradi anayerejea aijue kanuni iliyotumika.

Tofauti hiyohiyo imo katika prosesa mbili zilizoenea sana. Katika Intel 8080, iliyotoka mwaka 1974 (mwaka uleule Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini), amri ya CALL ina baiti 3. Ikiwa imeandikwa kuanzia anwani 0200, kinachohifadhiwa ni 0203, yaani anwani ya amri inayofuata. RET huichukua ilivyo. Katika MOS 6502 ya mwaka 1975, JSR nayo ina baiti 3, lakini kinachohifadhiwa ni 0202, kwa kuwa hifadhi hufanyika kabla baiti ya tatu haijasomwa. RTS ndiyo huongeza 1. Anayeita na kurejea tu hatambui lolote. Anayepanga data mara baada ya amri ya kuita, ili programu ndogo izisome kwa kutumia anwani iliyohifadhiwa, atakosea kwa baiti moja akihamisha mbinu ya 8080 bila marekebisho.

Kina cha miito nacho hutegemea mahali pa hifadhi. Intel 8008 ya mwaka 1972 ilitunza anwani za kurejea ndani ya prosesa yenyewe, katika nafasi 7 tu. Mwito wa nane uliomo ndani ya mingine hufuta anwani ya kwanza bila onyo, na kosa hujitokeza baadaye, mbali kabisa na chanzo chake. Hili ndilo gumu zaidi kulitafuta. 6502 hutenga baiti 256 za kumbukumbu, zinazotosha miito 128 iwapo hakuna kingine kilichowekwa humo. 8080 humwachia mwanaprogramu achague mahali pa rundo la anwani popote katika kumbukumbu ya baiti 65,536, wala haina kinachozuia rundo hilo kushuka hadi kuifuta programu yenyewe.