Tapeli Akiwa Nje ya Nchi, Sheria Inamfikiaje?

Mtumiaji anapotapeliwa mtandaoni, huenda aliyemlaghai yuko nchi moja, kompyuta yenye ushahidi iko nchi nyingine, na fedha zimekwisha kupelekwa nchi ya tatu. Polisi wa Tanzania hawana mamlaka ya kupekua huko peke yao. Hapa tunaeleza jinsi mikataba ya kimataifa inavyoziba pengo hilo, na wajibu wako ni upi.

Kosa litambuliwe pande zote

Mwezi Mei 2000, kirusi cha kompyuta kilichoenea kwa barua pepe yenye maneno ya mapenzi kiliharibu mafaili duniani kote. Mtuhumiwa alipatikana Ufilipino, lakini mashtaka yalifutwa kwa kuwa nchi hiyo haikuwa na sheria iliyokitaja kitendo hicho kuwa kosa.

Mkataba wa Budapest, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 23 Novemba 2001, unazitaka nchi wanachama kuyatambua katika sheria zao makosa kama vile kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini na udanganyifu kwa njia ya kompyuta. Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wake mjini Malabo mwaka 2014, nao ulianza kutumika mwaka 2023. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba mwingine tarehe 24 Desemba 2024.

Mkataba pekee hautoshi

Hakimu hamhukumu mtu kwa mkataba. Humhukumu kwa sheria ya nchi. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo inayoyataja makosa ya aina hiyo na kuweka adhabu zake.

Ushahidi haudumu

Kumbukumbu za mawasiliano hufutwa baada ya muda. Kwa sababu hiyo, Mkataba wa Budapest unaruhusu mamlaka kuagiza kumbukumbu zihifadhiwe kwa hadi siku 90, muda unaoweza kuongezwa, na kila nchi mwanachama huwa na kituo cha mawasiliano kinachofanya kazi saa 24. Hata hivyo, hakuna agizo litakalotolewa iwapo kosa halijaripotiwa.

Ukitapeliwa, tunakushauri:

1. Uijulishe mara moja benki au kampuni ya simu iliyopitisha fedha zako.
2. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokuonea haya.
3. Uandike tarehe, saa, kiasi, namba iliyotumika na namba ya muamala.
4. Utoe taarifa kituo cha polisi, na uhifadhi namba ya taarifa hiyo.
5. Namba ya tapeli uitume kwenda 15040.

Hatuwezi kuahidi kwamba kila fedha itarudi. Lakini taarifa inayotolewa siku hiyohiyo huwapa wapelelezi nafasi ya kuukuta ushahidi ungali upo.