Paka Aliyerudi Nyumbani

Pengine nyumbani kwako kuna paka wawili waliokua pamoja, walalao wamekumbatiana jikoni na kulambana masikio. Kisha mmoja huondoka kwa muda: ameazimwa na jirani mwenye panya wengi, au amepelekwa kwa bwana mifugo kutibiwa. Siku anaporudi wewe wafurahi, ukidhani na mwenzake atafurahi. Kumbe ni vita! Usishangae, wala usiseme kwamba paka hana shukrani. Sababu iko, na dawa iko.

Sisi yalitupata mwaka 2023. Tulikuwa na paka wawili wa kike, ndugu wa tumbo moja, Majivu na Doa. Wakati wa mavuno mama mkwe wangu alituomba paka, maana panya walikuwa wakimaliza mahindi yake. Tukampa Doa, akakaa huko wiki sita. Aliporudi, nilimfungua kutoka kikapuni mbele ya Majivu. Majivu akamnusa, manyoya yakamsimama, akatoa sauti kama ya nyoka, akamrukia. Mtoto wetu aliyetaka kuwaamua akakwaruzwa mkono, ikabidi tumpeleke zahanati. Doa akakimbilia migombani, asiingie tena nyumbani. Majivu naye akaacha kuwinda. Kutwa kucha alikaa mlangoni kumzuia mwenzake. Baada ya siku chache tulikuta gunia la mbegu limetobolewa na panya. Mama watoto akasema, "Mmoja wao aondoke." Nami nilikuwa karibu kukubali.

Ndipo bwana mifugo aliponieleza jambo nisilolijua. Sisi watu hutambuana kwa sura na sauti, lakini paka hutegemea sana harufu. Mashavuni, kidevuni, mkiani na nyayoni ana tezi ndogo zitoazo harufu ambayo pua zetu haziisikii. Paka wanaoishi pamoja husuguana na kulambana mpaka wote huwa na harufu moja, nayo ndiyo alama ya jamaa yao. Doa alirudi na harufu ya moshi wa jiko jingine na mbuzi wa watu wengine. Kwa pua ya Majivu, huyo hakuwa ndugu, bali mgeni aliyevamia. Tena kumbuka kuwa paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu, mnyama awindaye peke yake na kulinda mahali pake. Undugu wa paka hutunzwa kila siku; ukikatika, sharti uanzwe upya.

Basi, ukipatwa na jambo hili, fanya hivi.

Kwanza, watenge. Aliyerudi mweke katika chumba chenye mlango, pamoja na maji, chakula, mahali pa kulala na sanduku la mchanga la kujisaidia. Wasionane. Sisi tulimvuta Doa kutoka migombani kwa dagaa.

Pili, wabadilishie harufu. Chukua kitambaa kikavu, umpanguse mmoja mashavuni, kisha ukiweke alalapo mwenzake. Na huyo wa pili mfanyie vivyo hivyo. Rudia kila siku mpaka kila mmoja akinuse bila hasira.

Tatu, walishe pande mbili za mlango uliofungwa. Sahani ziwe mbali kwanza, kisha zisogeze kila siku. Hivyo kila mmoja hujifunza kuwa harufu ya mwenzake huja pamoja na chakula kizuri.

Nne, fungua mlango kidogo waonane wakila, dakika chache tu, na uufunge kabla ya ugomvi. Ongeza muda polepole. Wakianza kukodoleana macho na mikia kutuna, weka ungo au ubao katikati, na kesho urudi hatua moja nyuma.

Usimshike mmoja na kumsogeza usoni pa mwenzake. Usiwapige. Usiseme "watamaliza wenyewe", maana pigano moja baya hukumbukwa muda mrefu. Wala usitie mkono katikati. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende zahanati mara moja, kwa kuwa paka naye aweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Kwa sababu hiyo yafaa paka wachanjwe.

Wengine hupatana kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa. Wetu walichukua siku 19. Siku hiyo jioni nilimkuta Majivu akimlamba Doa sikio, na usiku wote wawili wakaingia ghalani kama zamani.

Mwaka uliofuata mama mkwe aliomba paka tena. Safari hii hatukumwazima. Tulimpelekea mtoto wa paka, awe wake moja kwa moja.