Vijana Waliookolewa na Nyundo na Tarumbeta

Gereza laweza kumfunga kijana, lakini haliwezi kumtafutia riziki siku afunguliwapo. Akitoka mikono mitupu hurudi palepale sokoni alipokamatwa, na kifungo cha pili hakikawii.

Katika Kenya jambo hili lilionekana wazi wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952. Wavulana wengi walitiwa kizuizini pamoja na watu wazima, na wengine hawakupata kuhukumiwa na korti yoyote. Mwaka wa 1955 kambi ya vijana ilifunguliwa huko Wamumu, katika nchi ya Mwea, na Bwana Geoffrey Griffin alikuwa miongoni mwa waliowasimamia wavulana hao. Walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono, tena wakacheza mpira.

Hata hivyo Wamumu ilikuwa kambi ya kizuizi. Hakuna aliyekwenda kwa hiari yake. Swali likabaki: je, mtoto hawezi kufundishwa kabla hajakamatwa? Mwaka wa 1959 Bwana Griffin, pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, walianzisha Kituo cha Starehe mjini Nairobi, katika vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Watoto waliokuwa wakirandaranda barabarani walipokewa, wakalishwa, wakatiwa darasani. Kituo hicho kikakua hata kikawa shule ya sekondari yenye sifa nchini kote, na bendi yake ikawa mashuhuri.

Mtu asidhani kwamba muziki ni mchezo mtupu. Mpiga tarumbeta hujifunza kungoja zamu yake na kuwasikiliza wenziwe. Akikosea yeye, wimbo wa wote huharibika. Hivyo mtoto ambaye hakuna aliyemjali hutambua kwamba wapo watu wanaomhitaji.

Si kila wilaya iliyo na shule kama Starehe. Lakini ni nadra kukosa fundi seremala sokoni, au kwaya kanisani. Mzazi amwonaye mwanawe akishinda njiani baada ya kuacha shule na amkabidhi kwa fundi mapema, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Ada ya fundi ni nafuu kuliko nauli ya kwenda kumtazama mtoto gerezani.