Kompyuta Mpya Inapojizima Yenyewe

Kompyuta ya mezani uliyoiunganisha mwenyewe imewaka vizuri, Windows imeingia bila shida, kisha katikati ya mchezo kioo kinakuwa cheusi na feni zinanyamaza. Wengi hapo hukimbilia kufuta Windows na kuiweka upya. Mara nyingi ni kazi bure. Programu ikiwa na kasoro, mashine huganda, huonyesha kioo cha bluu au hujiwasha upya. Kuzimika kabisa na kwa ghafla kwa kawaida ni tatizo la umeme au joto.

Ukifungua kumbukumbu za Windows utakuta kosa la Kernel-Power namba 41, na watu huhangaika nalo siku nzima. Kosa hilo huandikwa kompyuta ikiwaka tena, kueleza tu kwamba haikuzimwa kwa utaratibu. Ni tangazo la msiba, si ripoti ya daktari.

Swali langu la kwanza huwa hili: iliwaka tena vipi? Ikiwa kitufe hakijibu mpaka uzime swichi ya nyuma na kusubiri kidogo, basi pawa saplai imejifunga yenyewe, kwa sababu ya shoti au mzigo uliopita kiasi. Hapo mshukiwa mkuu ni kadi ya michoro. Wati zinazotajwa na mtengenezaji wake ni za wastani. Kwa muda mfupi mno kadi kubwa huvuta zaidi ya hapo kwa mbali, na pawa saplai huhesabu mruko huo kama hatari. Ndiyo maana kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kinazitaka pawa saplai zenye soketi mpya ya kadi kubwa zistahimili mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Iwapo kadi yako ina soketi mbili za umeme, ipe kebo mbili tofauti, usitumie moja yenye vichwa viwili. Na usiazime kebo za pawa saplai nyingine hata zikiingia: mpangilio wa nyaya hutofautiana, na unaweza kuunguza kila kitu. Kama prosesa ina michoro ya ndani, chomoa kadi utumie kompyuta hivyo. Ikitulia, umeshajua pa kutazama.

Joto lina tabia yake. Prosesa za leo hupunguza kasi kwanza zikifika karibu nyuzi 95 au 100, hivyo kuzimika kwa joto dakika chache tu baada ya kuwasha kunamaanisha kipoza joto hakifanyi kazi kabisa. Kifungue. Karatasi ya plastiki iliyosahauliwa chini yake ni jambo la kawaida zaidi kuliko mafundi wanavyokiri. Programu ya HWiNFO inaweza kuandika vipimo vya joto kwenye faili. Soma mstari wa mwisho kabla ya giza.

RAM iliyoongezwa kasi kwa mpangilio wa XMP kwa kawaida huleta kioo cha bluu, lakini kuirudisha kwenye kasi ya kawaida hakugharimu kitu.

Kukiwa na UPS, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani ujaribu. UPS ya 650 VA mara nyingi hutoa chini ya wati 400, na baadhi ya pawa saplai hazielewani na umeme wa betri usio na wimbi laini.

Ikiendelea, toa ubao mama kwenye kasha, uuweke juu ya boksi lake la kadibodi, ubaki na prosesa, kipoza joto na RAM moja. (Usiuweke juu ya mfuko wake unaong'aa, sehemu ya nje inaweza kupitisha umeme.) Ikitulia hapo, tafuta kiguzo cha shaba kilichozidi nyuma ya ubao, skrubu iliyodondoka, au kitufe cha kuwashia chenye shoti. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake hubaki na chaji ya kudhuru hata ikiwa imechomolewa. Ukiishuku, irudishe dukani na risiti.